Je, Tumbili wa Shambani Anaweza Kutuletea UKIMWI?



Wengi wetu hapa Matasia tunajua kazi ya kufukuza tumbili. Wanaingia kwenye mahindi, wanafukua viazi, na saa zingine wanafika hadi jikoni kuchukua ugali uliobaki. Hayo tumeyazoea. Lakini kuna neno jingine tunalolisikia katika vikundi vyetu: ati tumbili ndiye aliyeleta UKIMWI, na mtoto akiumwa na tumbili, basi huyo amekwisha.

Neno hili si la kuchekesha. Mtoto wa mama mmoja katika kikundi chetu aliumwa mkononi akilinda mahindi. Majirani wakasema ameshaambukizwa. Kwa aibu mama akamficha nyumbani siku tatu. Hatari ya kweli ilikuwa nyingine kabisa, nayo ilihitaji hospitali siku ile ile. Shangazi yake ndiye aliyemchukua akampeleka kudungwa sindano, na leo mtoto yuko shuleni. Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili.

Ni kweli tumbili wana virusi?

Ndiyo, wengi wanavyo. Zaidi ya aina 40 za wanyama wa jamii ya nyani katika Afrika hubeba virusi vya ukoo mmoja na vile vya UKIMWI. Wataalamu huviita SIV. Hapa Kenya vimepatikana kwa tumbili na kwa kima pia. Jirani zetu wa msitu wa Oloolua kuna taasisi ya utafiti wa wanyama hawa, ambayo Louis Leakey aliianzisha huko Tigoni kabla haijahamia Oloolua.

Lakini kila aina ya mnyama ina virusi vyake. Tumbili ameishi na vya kwake kwa muda mrefu sana, na mwili wake umevizoea. Anavibeba katika damu, anazaa, anazeeka, na kwa kawaida haugui.

Fikiria ufunguo na kufuli. Ufunguo wa nyumba yako haufungui ya jirani. Virusi vya tumbili vikiingia katika mwili wa binadamu hukuta vizuizi vingi. Hakuna UKIMWI wa binadamu uliowahi kuonekana kutoka kwa tumbili au kima wa hapa Kenya. Hebu jiulize: wakulima wameumwa na tumbili tangu zamani za babu zetu, lakini mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Kama tumbili wangekuwa wanatuambukiza, si tungejua mapema zaidi?

Basi UKIMWI ulitoka wapi?

Ulitoka kwa wanyama wengine, mbali na hapa. Virusi vilivyoenea duniani kote, yaani HIV ya kwanza, vilitoka kwa sokwe mtu wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Wataalamu walilithibitisha hilo mwaka 2006, baada ya kuokota kinyesi cha sokwe msituni na kukipima. HIV ya pili, ambayo hupatikana zaidi Afrika Magharibi, ilitoka kwa kima wa huko wa rangi ya moshi.

Sokwe ni karibu sana na binadamu kwa maumbile, kwa hivyo ufunguo wake ulikaribia kufungua kufuli yetu. Njia inayoelekea kuwa ya kweli ni damu: mwindaji aliyejikata akichinja au kupasua nyama. Hilo lilitokea mwanzoni mwa karne ya 20. Virusi vikafika mji wa Kinshasa, na kutoka huko vikasafiri na watu kwa reli na mito. Damu ya mtu wa Kinshasa iliyohifadhiwa tangu mwaka 1959 ilipimwa baadaye ikakutwa navyo. Kwa hivyo ugonjwa ulitembea kimya kwa miaka mingi kabla haujapewa jina.

Tangu hapo havihitaji mnyama. Vinatoka mtu kwa mtu: kwa ngono bila kinga, kwa damu, na kutoka kwa mama hadi mtoto.

Sokwe wa Gombe wanatufundisha nini?

Zamani ilidhaniwa kwamba wanyama wote wa porini hubeba virusi hivi bila kuumia. Sokwe wa Gombe, Tanzania, ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, walionyesha mambo si hivyo. Watafiti waliwafuata kwa miaka mingi, wakipima kinyesi na mkojo wao bila kuwadunga. Mwaka 2009 walitangaza kwamba sokwe walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri huo huo. Majike walioambukizwa walizaa kwa shida, na watoto wao wengi walikufa. Kumbe sokwe naye huteseka kama sisi. Virusi vya sokwe hao wa Gombe havijapatikana kwa binadamu.

Tumbili akikuuma, fanya hivi

Hatari kubwa ni kichaa cha mbwa, ambacho mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuwa nacho, na pia pepopunda. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara huua.

1. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15.
2. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya mitishamba.
3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, useme wazi umeumwa na mnyama gani. Usingoje uone kama kidonda kitapona.
4. Ukianza sindano, zimalize zote.
5. Wafundishe watoto wasiwalishe tumbili wala kuwashika wadogo wao. Usiwawekee sumu, peleka taarifa kwa watu wa KWS.

Na aliye na virusi vya UKIMWI tusimwite mtu wa tumbili. Yeye ni ndugu yetu. Akimeza dawa zake kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, ataishi miaka mingi, na hatamwambukiza mwenzake kwa ngono.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mama yule aliona aibu? Sisi tungemsaidiaje?
2. Eleza tofauti kati ya virusi vya tumbili na vya sokwe wa Kameruni.
3. Kutoka kwako hadi hospitali yenye sindano ya kichaa cha mbwa ni mbali kiasi gani? Ni nani wa kukupeleka usiku?

Swali la tatu msiliache bila jibu. Andikeni jina la mtu huyo na namba yake ya simu, mbandike ukutani mahali pa mkutano.