Uwanja wa Kashima: Somo Kutoka Mji Mdogo wa Japani

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaweka shughuli za michezo na vifaa vyake chini ya serikali za kaunti. Kwa hivyo uwanja wa kaunti unapojengwa, pesa zinazotumika ni za mkazi. Ni haki yake kujua nani atautumia, nani atautunza na utafanya kazi gani siku ambazo hakuna mechi. Mji wa Kashima, nchini Japani, ulikutana na maswali hayo zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Wakenya wengi waliijua ligi ya Japani kupitia Michael Olunga, aliyefunga mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol mwaka 2020 na kutajwa mchezaji bora wa msimu. Kashima ni klabu nyingine ya ligi hiyo hiyo.

Mji na timu yake

Kashima uko katika mkoa wa Ibaraki, kando ya bahari ya Pasifiki, karibu kilomita 100 kutoka Tokyo. Wakazi wake hawafiki 70,000. Kwa miaka mingi ulijulikana kwa hekalu lake la kale, kisha kwa bandari na viwanda vikubwa, kikiwemo cha chuma. Timu ya mpira ilikuwa ya wafanyakazi wa kampuni ya chuma ya Sumitomo. Ilianzishwa Osaka mwaka 1947 na kuhamishiwa Kashima mwaka 1975.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Japani ilipanga kuanzisha ligi ya kulipwa. Timu ya Kashima ilikuwa daraja la pili, na mji ulikuwa mdogo. Saburo Kawabuchi, aliyeongoza maandalizi ya ligi hiyo, aliwaambia waziwazi kwamba hawakuwa na nafasi, labda wajenge uwanja wa mpira wa miguu wenye paa, unaoingiza watu 15,000. Serikali ya mkoa wa Ibaraki ilikubali kuujenga. Kwa mji uliotegemea viwanda, uwanja ulionekana kuwa njia ya kuwapa vijana sababu ya kubaki nyumbani.

Klabu nayo ilijiandaa. Mwaka 1991 ilimsajili Zico, nyota wa Brazili aliyekuwa na umri wa miaka 38, akacheza daraja la pili pamoja na wafanyakazi wa kiwanda. Tarehe 16 Mei 1993, katika mechi yake ya kwanza ya ligi mpya, Kashima iliifunga Nagoya mabao 5-0, na matatu yalikuwa ya Zico. Kufikia 2016 klabu ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi mara nane, na mwaka 2018 ikawa bingwa wa Asia.

Jina ni la wakazi

Ligi ya Japani iliweka sharti kwamba klabu ijulikane kwa jina la mahali pake, si la kampuni inayoifadhili. Hivyo timu ya Sumitomo ikawa Kashima Antlers. Jina Kashima huandikwa kwa herufi zenye maana ya kulungu na kisiwa, na neno Antlers ni pembe za kulungu. Miji ya jirani nayo inahesabiwa kuwa nyumbani kwa klabu, kwa hiyo mzigo na fahari haviko kwa mji mmoja peke yake.

Mgeni anayefika siku ya mechi

Kutoka Tokyo mgeni hupanda basi kwa takriban saa mbili. Kuna pia stesheni ya reli kando ya uwanja, ambayo treni za abiria husimama siku za mechi na matukio maalumu tu. Mashabiki wengi huja kwa magari yao, na msongamano baada ya mechi ni mkubwa.

Tiketi huonyesha upande wa kukaa. Mashabiki wa nyumbani na wageni wana majukwaa tofauti, na anayevaa rangi za timu pinzani hatakiwi kuingia upande wa wenyeji, ambao huvaa nyekundu iliyokolea. Chakula kinachosifiwa hapo ni mchuzi wa matumbo, uliopikwa kwa mboga na kiungo cha soya. Mara nyingi matumbo hayo ni ya nguruwe, hivyo asiyekula nguruwe aulize kwanza. Mechi ikiisha, mashabiki hukusanya taka zao na kuzitenganisha kabla ya kuondoka.

Mzigo uliofuata

Kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2002, uwanja ulipanuliwa hadi watu wapatao 40,000. Mechi tatu zilichezwa hapo, ikiwemo ile ambayo Ajentina iliifunga Nigeria 1-0. Mashindano yakaisha, viti vikabaki. Viti 40,000 ni zaidi ya nusu ya wakazi wa mji mzima, na hata siku za ligi, mara nyingi havijai.

Tena, katika ligi ya timu 20, klabu hucheza nyumbani mara 19 tu kwa msimu. Nyasi, taa, vyoo na paa vinahitaji matunzo hata siku nyingine zote za mwaka.

Tangu 2006, mkoa umebaki mwenye uwanja lakini umeikabidhi klabu kazi ya kuusimamia, chini ya sheria inayoruhusu serikali za mitaa kukabidhi vifaa vya umma kwa wasimamizi wa nje. Klabu imeweka ndani ya uwanja ukumbi wa mazoezi ya mwili na, tangu 2015, kliniki ya mifupa na majeraha ya michezo. Mzee mwenye maumivu ya goti anaweza kwenda uwanjani siku ambayo hakuna mpira wowote, akatibiwa.

Tetemeko la ardhi la Machi 2011 liliuharibu uwanja, na timu ikalazimika kucheza kwingine hadi ulipokarabatiwa. Nalo hilo ni gharama ambayo mwenye jengo hana budi kuitarajia.

Maswali ya kuuliza

Mkazi anayehudhuria kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu uwanja anaweza kuuliza yafuatayo:

1. Uwanja utatumiwa na timu gani, na mara ngapi kwa mwaka?
2. Idadi ya viti imelinganishwa na idadi ya wakazi?
3. Gharama ya matunzo ya kila mwaka imewekwa wapi katika bajeti?
4. Nani atausimamia, kwa mkataba gani, na nani atamkagua?
5. Asiyependa mpira atapata huduma gani hapo?

Wakati mzuri wa kuyauliza ni kabla bunge la kaunti halijapitisha bajeti. Kashima ilipata uwanja kwanza, kisha ikachukua zaidi ya miaka 10 kupata jibu la swali la nne, na zaidi ya 20 kufungua kliniki inayojibu la tano.