Kuku Asiyetaga Anakula Mtaji: Mkague Kabla ya Kulipa

Mwenye banda dogo la kuku wa mayai Gongoni, Tabora mjini, huhesabu trei za mayai kila wiki. Ni wachache wanaohesabu kuku wasiotaga. Kuku mmoja hula kiasi cha gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, atage asitage. Katika banda la kuku 50, watano wasiotaga humaliza kati ya kilo 16.5 na 18 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayonunulia chakula, uone hasara yako kabla hata ya kununua dawa.

Tabora ni mji wa wafanyabiashara tangu enzi za misafara, njia ilipogawanyika hapo kuelekea Ujiji na Karagwe. Pembe ilipimwa kabla ya kulipwa. Kuku naye apimwe, na kipimo chake ni vidole.

Mshike kwa utulivu jioni. Upanga wa kuku anayetaga ni mwekundu, mkubwa na wenye joto. Wa asiyetaga husinyaa na kupauka. Pima nafasi kati ya ncha mbili za mifupa ya nyonga, chini ya mkia. Kwa anayetaga huingia vidole viwili au vitatu, kwa asiyetaga kimoja tu. Tundu la kutagia liwe pana na lenye unyevu. Tumbo liwe laini, lisiwe gumu wala lisijae maji.

Hata hivyo, si kila asiyetaga ni mgonjwa. Anayeatamia au anayepukutisha manyoya hupumzika kisha hurudi kutaga. Wagonjwa wa kizazi wana dalili zao:

Yai kukwama. Kuku husimama wima, mkia chini, akijikamua bila kutoa kitu. Ukipapasa tumbo utahisi yai gumu. Mkalishe katika maji ya uvuguvugu, paka mafuta tunduni, kisha mwache mahali pa kimya. Usilivunje yai likiwa ndani.

Kiini kuangukia tumboni. Tumbo huvimba, kuku hutembea akitanua miguu na hukonda kifuani. Mara nyingi wadudu wa maradhi huingia na kuozesha. Kupona ni nadra.

Nyama nyekundu kuchomoza tunduni. Mtenge mara moja, kwa sababu wenzake watamdonoa hadi kumuua.

Mtagaji wa uongo. Huyu ndiye humtia hasara mnunuzi. Akiwa kifaranga aliugua mafua makali ya virusi yaliyoharibu mrija wa mayai. Amekua, upanga ni mwekundu, nyonga imetanuka, kiotani anaingia, yai hakuna. Vidole havimtambui. Mweke peke yake wiki moja, asipotaga, muondoe.

Aidha, ukiona mayai ya banda zima yamepungua ghafla, au maganda ni laini na yenye mikunjo, tatizo si la kuku mmoja. Angalia kwanza chokaa katika chakula, kisha fikiria maradhi, hasa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, huzuia mdondo. Kwa uchunguzi, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) ana kituo Tabora. Mwone pia afisa mifugo wa kata.

Kishawishi kikubwa cha mfugaji ni kumuuza haraka kuku mwenye tumbo lililovimba. Nyama yake haifai kuliwa. Afukiwe au achomwe. Anayemuuza hupata bei ya kuku mmoja na kumpoteza mteja ambaye angerudi.

Kwa anayetaka kuingiza fedha katika biashara hii, ushauri ni huu: usinunue kundi kwa macho. Omba daftari la mayai la mwezi uliopita, chagua kuku kumi bila mpangilio, uwapime kwa vidole. Wakishindwa watatu, punguza bei au ondoka.