Dondoo muhimu: Runinga ya chogo na king'amuzi

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, lakini runinga za chogo bado zinaonyesha vizuri zikiunganishwa na king'amuzi. Usiitupe yako. Chomeka waya wa rangi tatu kutoka kwenye king'amuzi: njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti.

Kabla ya kulipia king'amuzi dukani, uliza: ni cha antena au cha ungo? Kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Picha ikigandaganda, usikimbilie fundi. Dijitali haileti chenga polepole kama zamani. Mawimbi yakipungua, picha hukatika ghafla. Kaza waya, geuza antena kidogo kidogo, kisha tafuta chaneli upya.

Ukinunua runinga mpya yenye DVB-T2 (mfumo wa dijitali wa antena), ina kipokezi chake ndani.