Simu na Mtoto Aliye Tumboni

Mama mmoja ni mjamzito. Shangazi yake anamwambia: "Mwanangu, tupa simu hiyo! Itamwunguza mtoto tumboni." Je, ni kweli? Ndugu msomaji, tusome pamoja.

Simu hupeleka sauti kwa mawimbi, kama redio. Mawimbi hayo ni aina ya mionzi. Lakini mionzi si sawa yote. Ni kama upepo. Upepo mdogo hutikisa majani, kimbunga hung'oa mti.

Mionzi ya eksirei ina nguvu. Hupenya mwilini na inaweza kuharibu chembe hai. Mwaka 1956 daktari wa Uingereza, Alice Stewart, alionya juu ya jambo hilo. Aliona kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walikufa kwa saratani karibu mara mbili kuliko wengine.

Mionzi ya simu ni dhaifu. Haiwezi kuvunja chembe hai. Hupasha mwili joto kidogo tu.

Wataalamu wamejaribu kwa mayai ya kuku. Waliweka simu karibu kabisa na mayai yanayoatamiwa. Wengine waliona vifaranga vimedhurika, wengine hawakuona kitu. Lakini yai si tumbo la mama. Mtoto amezungukwa na maji na nyama. Tena simu hushikwa sikioni. Ukiisogeza mbali mara mbili, nguvu ya mawimbi hubaki robo. Mpaka sasa haijathibitika kwamba simu ya mama humdhuru mtoto tumboni.

Basi tufanye nini?

Mama asitupe simu. Damu ikimtoka usiku, simu ndiyo itakayoita gari. Akitaka kujihadhari, asiifunge kwenye khanga tumboni.

Akitakiwa kupigwa eksirei, aseme mapema: "Nina mimba." Hata kama siku zake zimepita tu, aseme. Mganga ataamua kama picha hiyo ni ya lazima.

Kipimo cha altrasaundi asikiogope. Hicho hutumia sauti, si eksirei.

Shangazi alisema kwa mapenzi. Tusimcheke, tumweleze.

Maswali ya kujadiliana:
1. Mionzi ya eksirei na ya simu zinatofautianaje?
2. Mjamzito aseme nini kabla ya eksirei?
3. Kijijini kwenu, mjamzito akizidiwa usiku, nani atapigiwa simu?