Namna ya Kuitembeza Jamaa Mashamba ya Mpunga Wakati wa Mavuno

Mtoto alaye wali kila siku pasi na kupata kuiona mikono iliyouvuna mpunga wake hukua akidhani kuwa chakula asili yake ni gunia, na gunia asili yake ni duka. Wala hana lawama kwa dhana hiyo, kwani aghalabu ya mchele tuulao hapa Unguja huja kwa meli kutoka ng'ambo, na baina ya bandari na sufuria hakuna cha kumwonyesha. Kwa sababu hiyo nimejiwekea ada, masika yakiisha na kipupwe kikiingia, ya kuichukua jamaa yangu tukatembee bonde la Cheju, katika Wilaya ya Kati, ambalo ni katika mabonde makubwa ya mpunga kisiwani. Na leo napenda kuwaeleza wazazi wenzangu namna tunavyoyatengeneza matembezi hayo. Shauri langu kubwa ni hili: nendeni kama wageni wa watu walio kazini, na mengine yote yatafuata adabu hiyo.

Wakati wa kwenda

Mpunga wa mvua hupandwa masika yanapokaribia au yanapoanza, na mavuno yake huangukia Juni na Julai, pengine hata Agosti, kwa kadiri mvua ilivyokuja. Basi kabla ya kufunga safari, muulizeni mtu mwenye konde huko, kwa kuwa mavuno hayangoji wala hayahimizwi, na bonde lililovunwa jana leo halina ila mashina makavu. Sisi huondoka baada ya sala ya alfajiri, tukaiacha barabara ya Chwaka pale Jendele, ili tufike ilhali jua bado changa. Wavunaji wenyewe husubiri umande ukauke, maana mpunga uliovunwa na unyevu, ukirundikwa, hufanya joto na kuoza. Na wasaa huo wa kusubiri ndio ulio bora kwa mazungumzo, kwani mkono ukishaanza kazi mtu hapendi kuulizwa maswali mengi. Adhuhuri isiwakute bondeni pamoja na watoto wadogo, kwa kuwa mahali hapo miti ni haba na jua halina kizuizi.

Idhini na salamu

Kila jaruba lina mwenyewe, hata kama huoni ua wala mlango. Mtu mzima atangulie, atoe salamu, ajitambulishe, kisha aombe ruhusa ya kupita. Na watoto wafundishwe tangu nyumbani kumwamkia kila mtu shikamoo kabla hawajaelekeza kidole kwenye kitu chochote. Msiende mikono mitupu. Chupa ya chai, mkate wa kumimina au maandazi ya kutosha watu wa konde zima, na maji safi ya kunywa, ni jamala inayofaa kuliko noti ya kutiwa mkononi, kwa sababu chakula huwakalisha mwenyeji na mgeni jamvi moja. Ama picha, ziombewe idhini ya pekee. Mama aliyejifunga kanga ya kazi na kuloa jasho ana haki ya kukataa, na akikataa asiulizwe sababu.

Mwendo wa juu ya tuta

Tembeeni juu ya matuta, mmoja nyuma ya mwenziwe, mtu mzima mbele na fimbo yake na mwingine mwisho wa msafara. Fimbo ni ya kugusagusa nyasi, kwani panya hufuata nafaka na nyoka hufuata panya, na nyoka akisikia mtikisiko aghalabu huondoka mwenyewe. Watoto wasikimbie wala wasishindane kuruka: tuta likimeguka katika jaruba lenye maji, maji hutoroka, na kulijenga upya ni kazi ya jembe na mgongo wa mtu. Wavae viatu vya kufunika mguu na nguo za mikono mirefu, kwa kuwa majani ya mpunga yana makali yanayowasha ngozi. Na hili nalisisitiza: wasichezee maji yaliyosimama mifereji­ni na vidimbwini, hata yakiwa maangavu namna gani, kwa khofu ya kichocho, maradhi yaliyoitaabisha Unguja na Pemba miaka mingi, ambayo vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini vikapenya ngozi pasi na mtu kuhisi.

Mambo ya kuwaonyesha

Simameni kwenye suke moja, mlitazame kwa makini, kuliko kulipitia bonde zima kwa haraka. Suke huiva kutoka juu kwenda chini, na kwa hivyo utaziona punje za ncha zimekwisha kuwa manjano ilhali za chini zingali na ukijani. Mwambie mtoto aifinye mojawapo ya hizo za chini kwa ukucha, na ikiwa ni changa itatoa utomvu mweupe kama maziwa. Hapo utamweleza kwa nini watu huwamo mashambani wakiamia ndege majuma kabla ya mavuno, tangu kuchomoza kwa jua hata magharibi, juu ya dungu, kwa kelele na kombeo: mnana na wenziwe huupenda mpunga ukiwa katika hali hiyo hiyo ya maziwa, na saa moja ya usingizi wa mlinzi huweza kuwa hasara ya nyumba nzima.

Waonyesheni pia zana. Wako wavunao kwa kisu kidogo, suke baada ya suke, kazi ya polepole inayomwezesha mvunaji kuchagua lililoiva na kuliacha lisiloiva. Wako wakatao kwa mundu, shina na masuke yake pamoja. Bibi mmoja wa makamo, alipomwona binti yangu akilivuta suke, alimshika mkono akamwambia, "Mjukuu wangu, lishike shingo kisha ukate, ukilivuta zinapukutika, na kila punje inayoanguka nimeipalilia mimi." Sijui somo la darasani lililopata kumwingia mtoto yule kama maneno hayo.

Njiani kuna nafasi ya historia. Wachimbaji wa mambo ya kale wameziona Pemba punje za mpunga zilizoungua, zinazoonyesha kuwa tangu karne ya 11 hivi wali ulikwishakuwa chakula kikubwa cha watu wa kisiwa kile. Waambieni kadhalika juu ya Supa, mbegu ipendwayo kwa harufu yake, na jinsi watafiti wa Zanzibar walivyozipiga mbegu zake mionzi, wakachagua miche iliyo bora, hata ikapatikana mbegu mpya iitwayo SUPA BC, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Kwani ni vyema mtoto ajue kuwa elimu nayo ina mahali pake kondeni.

Kushiriki, na haki ya mavuno

Mwenyeji akiridhia, kila mtoto avune kicha chake na akitie katika kapu la mwenye konde, si katika mfuko wake. Kisha waangalie mpunga unavyopurwa kwa fimbo, unavyoanikwa jamvini, na unavyopepetwa kwa ungo mahali penye upepo, mapepe yakaruka na punje nzito zikabaki. Na wakipewa mchi, watwange kidogo, wapate kujua uzito wake.

Nasi tulio Waislamu tusiache kuwataja wenye haki. Kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu, nafaka ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, cha wasaki 5 (kipimo cha kale cha nafaka), hutolewa zaka siku za mavuno: mpunga ulionyweshwa na mvua, sehemu moja katika 10, na uliomwagiliwa kwa gharama na taabu, sehemu moja katika 20. Mtoto hufahamu insafu ya hukumu hiyo upesi sana akiwa amesimama bondeni, kwa kuwa anaiona tofauti ya mtu aliyengoja mawingu na mtu aliyevuta maji.

Mkirudi nyumbani

Nunueni kwa mwenyeji pishi chache za mchele mpya, kwa bei yake bila kupatana sana, na mkiupika punguzeni maji, kwani mchele mpya hunywa maji machache kuliko uliokaa ghalani na upesi huwa bokoboko. Watoto wapakue wenyewe, na sahani ya kwanza waipeleke kwa jirani.

Msomaji aliye Kyela, Ifakara au Mwea ana mashamba karibu naye kuliko mimi. Na aulize msimu wa kwao, maana Mwea aghalabu huvuna mwishoni mwa mwaka. Wala asingoje watoto wake wakue: mtoto wa miaka mitano aweza kulishika suke shingo, na mkono uliokwisha kulikata hauwi mwepesi tena wa kumwaga wali.