KIBABA NA MIZANI

Wako watu wadhanio ya kuwa chombo kilichojaa lita moja ya maji, kikijazwa unga, kitakuwa na kilo moja ya unga. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa kwamba sivyo, maana kosa hili huleta hasara jikoni na sokoni pia.

Kibaba, pishi, debe na kikombe hupima nafasi iliyomo chomboni. Mizani hupima uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini vitu vingine kila kimoja kina uzito wake. Lita moja ya unga wa mahindi usioshindiliwa ni gramu 600 hivi, mahindi makavu ni karibu gramu 750, mchele na maharagwe karibu 800, sukari 850, mafuta ya kupikia 920. Chumvi laini hupita maji, maana lita yake hufika gramu 1,200 hivi. Methali ya kibaba twaijua sote, ila haikutuambia kibaba cha nini.

Basi na tumfikirie mwalimu aliyeandikiwa kilo 20 za unga kwa chakula cha watoto. Mpishi hana mizani, naye apima ndoo moja ya lita 20, akaridhika. Kwa kweli amesonga kilo 12 tu, na kilo 8 zimebaki ghalani. Watoto watarudi darasani na njaa, na mpishi atashukiwa wizi bila ya kosa. Tena unga ni mdanganyifu: ukichekechwa huumuka, ukitikiswa hushuka, hata bakuli lile lile likachukua zaidi. Kwa hiyo yafaa kujaza pasipo kutikisa, kisha kusawazisha ukingoni kwa kijiti.

Asiye na mizani aweza kujifanyizia. Twaa fito iliyonyoka, uitundike kwa kamba katikati, na kila ncha ufunge beseni, mabeseni mawili yaliyo sawa. Yakiwa tupu, fito ilale sawasawa. Ikiinama, sogeza kamba. Sasa tia beseni la kwanza chupa ya nusu lita iliyojaa maji, na la pili chupa tupu ya namna ile ile, ili uzito wa chupa usihesabiwe. Kisha mimina unga katika beseni la pili polepole mpaka fito ilale sawa tena. Hiyo ni nusu kilo ya unga. Umimine katika kopo la jikoni, uusawazishe, upige alama kwa msumari pale ulipofika. Fanya vivyo hivyo kwa mchele, sukari na maharagwe, wala usishangae kuona kila alama iko mahali pake. Waalimu waweza kulifanya somo hili darasani kwa asubuhi moja.

Jambo hili lina uzito zaidi wakati wa mavuno. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, kangomba lilikuwa jina la kipimo cha kienyeji cha kununulia korosho. Sasa limekuwa jina la biashara yenyewe ya kununua nje ya minada. Katika maghala ya chama kikuu cha RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, mazao hupimwa kwa mizani. Anayekuja nyumbani na bakuli lake hulihesabu kuwa kilo moja. Tuseme bakuli hilo huchukua kilo moja na robo. Aliyeuza mabakuli 100 ametoa kilo 125 na kulipwa 100, yaani katika kila mabakuli manne ametoa kilo moja bure. Na likijazwa kwa kilima juu ya ukingo, hasara huzidi.

Mwenye shida ya fedha usiku hana nafasi ya kubishana, nasi twalijua hilo. Lakini aliyekwisha kulipima bakuli kama hilo kwa fito yake ajua, kabla hajafungua gunia, ni kiasi gani anachoombwa.