Vigango vya Wagiriama na Kaburi la Nyali

Kila tunapowakumbuka marehemu wetu mwezi wa Novemba huulizwa swali lile lile: je, Mkristo aweza kumwekea mfu alama bila kuabudu mizimu? Safari hii tuwatazame jirani zetu wa pwani ya Kenya.

Wagiriama, mmoja wa makabila tisa ya Wamijikenda, humchongea mzee wa chama cha Gohu kigango, yaani nguzo ya mti mgumu yenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili bapa, iliyotiwa nakshi za pembetatu. Mtu wa kawaida huwekewa koma, kijiti kifupi tu. Kigango hakisimikwi kaburini, bali nyumbani kwa jamaa, na kikishasimikwa hakiondolewi. Jamaa wakihama, hukiacha pale pale. Waakan wa Ghana nao walifinyanga vichwa vya udongo vya wakuu wao, wakaviweka mahali pa kando.

Desturi hiyo ya kuviacha iliwapa wezi nafasi. Mwaka 1985 mzee mmoja aliibiwa vigango viwili vya ndugu zake. Vilikuja kuonekana katika majumba ya makumbusho huko Marekani, vikarudishwa mwaka 2007, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Jumba la makumbusho la Denver lilirudisha 30 mwaka 2019.

Hapa hatuna budi kukiri. Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, tuliwaambia wanachuo kwamba hizo ni sanamu za kipagani, basi. Lakini somo lililofuata tulisimulia kwa heshima jinsi Krapf alivyofika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka ule ule. Kaburi lipo Nyali hadi leo, nalo tuliliita ukumbusho. Yakobo pia alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli (Mwa. 35:20).

Tofauti ipo, tusiifiche. Kwenye kigango marehemu hutambikiwa na kuombwa; sisi twamwomba Mungu peke yake. Lakini kumtaja mtu kwa jina na kumwekea alama si dhambi.

Huku kwetu Tarime na Serengeti wengi twazika nyumbani. Juzi mjukuu alituuliza juu ya mawe mawili yaliyo nyuma ya migomba. La babu tulilitaja jina lote. La bibi tulikumbuka nusu. Fundi wa saruji amekwisha kuagizwa, ila tumemwomba asubiri mpaka tuulize wazee wa upande wa Sirari.